Siku Moja Lundo: Mguu Nchi Kavu, Mguu Majini

Tulitoka Songea saa kumi na moja alfajiri, watu wanne kwenye gari dogo la kuazima, na ajenda ilikuwa moja tu: kuogelea. Hakuna aliyepanga habari za historia. Nilikuwa nimekaa Songea wiki nzima kikazi, Jumamosi ikabaki wazi, na mwenyeji wangu, ambaye kwao ni Mbinga, akasema ni dhambi kufika mkoa wa Ruvuma ukarudi Dar bila kugusa maji ya Nyasa. Twende na kurudi siku hiyohiyo, akasema. Asubuhi mlimani, mchana ufukweni, usiku kila mtu kitandani kwake.

Miaka kumi tu nyuma asingethubutu kuahidi hivyo. Kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay ni kilomita 66 hivi, lakini masika kilomita hizo zilikuwa na uwezo wa kukulaza njiani. Kwanza ilijengwa lami ya Peramiho hadi Mbinga, kwa fedha za Wamarekani za Changamoto za Milenia, kisha kipande cha kushuka ziwani kikakamilika mwanzoni mwa miaka hii ya 2020. Kabla ya hapo mtu wa mwambao alihesabu safari kwa meli, MV Songea au MV Iringa, na meli ina ratiba yake na ziwa lina ya kwake. Kwa hiyo hii starehe ya kwenda ziwani na kurudi jioni, ambayo watu wa mijini tunaiona ya kawaida kabisa, huku ni jambo jipya. Wilaya yenyewe ya Nyasa ni changa, ilimegwa kutoka Mbinga mwanzoni mwa miaka ya 2010.

Peramiho tuliipita gizani. Niliona taa za hospitali tu. Iliniuma kidogo, maana Wabenediktini wa hapo, waliofika mwaka 1898, wana kiwanda cha uchapaji kilicholisha wasomaji wa Kiswahili wa kusini kwa miaka mingi, na jarida lao la Mwenge nililikuta nyumbani kwa babu yangu likiwa limefungwa mafungu kwa kamba ya katani. Lakini dereva hakuwa mtu wa kusimama.

Jua lilitukuta kwenye milima ya Wamatengo. Kama hujawahi kuona mashamba ya ngolo, jaribu kufikiria mlima mzima umechorwa miraba kama sega la nyuki. Mkulima hufyeka nyasi, huzilaza kwa mistari inayokatizana, kisha huchimba udongo wa katikati na kufunika zile nyasi. Panabaki shimo, na kingo zake ndizo zinapandwa. Mvua ikipiga, maji hutulia mashimoni badala ya kuondoka na udongo, na nyasi zinaoza taratibu kuwa mbolea. Wataalamu wa kilimo wamekuja kutoka mbali, mpaka Japani, kuja kusoma jambo hili. Wamatengo hawakuligundua kwenye maonyesho ya kilimo. Karne ya 19, Wangoni walipoingia na kuitawala nchi ya tambarare, Wamatengo walibanwa milimani, watu wengi kwenye ardhi kidogo yenye mteremko mkali. Ukitaka kula hapo, lazima uuzuie mlima usitembee.

Mwenyeji wetu alieleza haya huku anacheka. "Hawa mababu zangu walikimbia mababu wa huyu," alisema, akimwonyesha dereva, ambaye ni Mngoni. Dereva akajibu bila kugeuka, "Na bado mnatuuzia kahawa bei juu." Utani wa huku una miaka zaidi ya mia moja na hamsini, na ulianza na mikuki.

Halafu barabara ikaanza kushuka. Kona baada ya kona, masikio yanaziba, baridi ya Mbinga inavuliwa kama koti. Ghafla kwenye kona moja ziwa likajitokeza, na mimi niliyekulia kando ya Bahari ya Hindi nikajikuta natafuta harufu ya chumvi. Haipo. Lakini ni bahari kwa kila kipimo kingine. Urefu wake unazidi kilomita 550, kina chake kinafika mita 700 hivi, mawimbi yanavunjika mchangani, na upande wa pili huoni kitu isipokuwa anga likiwa safi sana. Jina lenyewe, Nyasa, kwa lugha za huku maana yake ni ziwa, maji mengi. David Livingstone alifika mwaka 1859, akauliza, akajibiwa, akaandika. Kwa hiyo tukisema Ziwa Nyasa tunasema ziwa-ziwa, na wenyewe tumeshazoea.

Mbamba Bay tulikunywa chai, tukatazama kilima na miamba, tukaendelea kaskazini kwa barabara ya vumbi kuelekea Liuli. Na hapo Liuli ndipo safari yangu ya kuogelea ilipoharibika, kwa maana nzuri.

Liuli ina miamba mikubwa iliyokaa majini na kando ya maji. Maarufu zaidi wenyeji wanauita Pomonda, na hadithi yake ni ya watu kujificha humo siku za vita. Wajerumani walipofika waliona kwenye mwamba wa hapa kitu kingine kabisa: Sphinx, ile sanamu ya Misri yenye kichwa cha mtu na mwili wa simba. Bandari yao wakaiita Sphinxhafen. Mwamba mmoja unaweza kuwa maficho au pambo, inategemea uliutazama ukiwa unakimbia au ukiwa umekaa kwenye sitaha ya meli.

Na meli ilikuwepo. Iliitwa Hermann von Wissmann, kwa jina la yule afisa aliyeizima vita ya Abushiri huko pwani. Fedha zake zilichangishwa Ujerumani kwa kaulimbiu ya kupambana na biashara ya watumwa, na kweli biashara hiyo ilikuwepo: majahazi ya Jumbe wa Nkhotakota yalivusha watu ziwa hili hadi ufuko wa mashariki, kisha kwa miguu mpaka Kilwa. Meli ilifika vipandevipande, ikaunganishwa, ikaelea mwanzoni mwa miaka ya 1890. Upande wa pili Waingereza wakawa na yao, Gwendolen, yenye jina la binti wa Waziri Mkuu wao. Manahodha wa meli hizi mbili, Berndt wa Wajerumani na Rhoades wa Waingereza, walijuana vizuri. Ziwa kubwa, Wazungu wachache, jioni ndefu: wakikutana walikunywa pamoja.

Agosti 1914 vita ikatangazwa Ulaya. Habari zikamfikia Rhoades kwa simu ya waya, pamoja na amri ya kuizamisha Wissmann. Hazikumfikia Berndt. Meli yake ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapa Liuli kwa matengenezo. Katikati ya mwezi huo Gwendolen ikaingia kwenye ghuba na kuanza kupiga mzinga. Mpigaji alikuwa Mskoti mmoja wa kampuni ya biashara ya ziwani ambaye hakuwa ameshika mzinga kwa miaka, na risasi nyingi zilikwenda pembeni au hazikulipuka, mpaka moja ikapata. Hapo Berndt akaruka kwenye mashua ndogo, akapiga makasia kuiendea Gwendolen akiwa amefura hasira, akimuuliza rafiki yake kwa sauti kama amelewa. Rhoades akamwambia kuna vita. Akamchukua mateka. Gazeti la The Times la London likaandika kwamba Uingereza imepata ushindi wa majini ziwani Nyasa.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na mara zote kinasimuliwa kama kichekesho. Ni kichekesho kweli, sikatai, nilicheka nilipokisoma mara ya kwanza nikiwa chuoni. Nikiwa nimesimama Liuli, juani, nikitazama maji yaliyotulia, sikuweza kucheka tena kwa namna ileile. Nilijiuliza swali moja la kijinga: siku ile nani mwingine alikuwa ufukweni? Meli ya mvuke inakula kuni. Kuni zilikatwa na watu. Meli haipandi nchi kavu yenyewe, kuna mikono iliyoivuta. Risasi zilizokosa shabaha zilianguka sehemu fulani. Kisa kina nahodha wawili, mpigaji mzinga mmoja, mashua, matusi, na hakina mtu wa Liuli hata mmoja.

Na kumbuka ilikuwa miaka gani. Februari 27, 1906, Songea, tulikotoka alfajiri ile, Wajerumani waliwanyonga makumi ya viongozi na wapiganaji wa Kingoni wa Majimaji, wakazikwa kaburi moja. Baadaye mashamba na maghala yakachomwa, njaa ikaua kuliko bunduki. Miaka minane tu baada ya kamba zile, watu haohao wanaambiwa kuna vita nyingine, ya Wazungu kwa Wazungu, na wao watabeba mizigo. Pande zote mbili zilikamata wapagazi. Dar tunalo soko kubwa lenye jina la kambi yao, Kariakoo, na tunakwenda kununua viatu bila kukumbuka. Upande wa Nyasaland waliitwa tengatenga. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, nimonia na njaa. Mwishoni mwa 1918 jeshi la von Lettow-Vorbeck likapita tena Songea, likifukuzwa, na pamoja nalo homa ya mafua ya mwaka ule. Wissmann yenyewe Waingereza waliirudia mwaka 1915 wakaiharibu, halafu baada ya vita wakaifufua wakaitumia wao. Meli ilihurumiwa.

Liuli kuna kaburi lingine, la mtu aliyeishi kwenye ziwa hili kuliko Wajerumani wote. William Percival Johnson, mmisionari wa Kianglikana wa UMCA, alikuja Afrika miaka ya 1870, akazunguka fukwe hizi kwa miguu, kwa mtumbwi na kwa meli ya misheni, macho yake yakiwa yameharibika karibu kabisa, akafia hapa mwaka 1928. Mwenzake Chauncy Maples alizama ziwani mwaka 1895, na meli kubwa ya misheni ikapewa jina lake. Johnson alitafsiri Biblia kwa lugha ya Likoma, kile kisiwa chenye kanisa kuu la mawe, ambacho leo ni cha Malawi ingawa kipo puani pa Msumbiji. Mimi si mtu wa kuwasifu wamisionari bila kipimo; walikuja na bendera nyuma yao hata walipokataa kuitazama. Lakini dayosisi yake haikuwa na mstari katikati ya maji. Mtu wa Liuli alisoma na kusali kwa lugha ya Likoma, mwalimu wa Likoma alifundisha huku, watu walioana. Kwao ziwa lilikuwa barabara.

Sasa tufike Lundo, ambako hatimaye tuliogelea.

Lundo ni jirani ya Liuli, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mihogo, na kisiwa chenye jina hilohilo. Mchanga mweupe, miembe, mitumbwi imelazwa, dagaa wameanikwa. Maji ni maangavu kiasi kwamba ukisimama yakikufika kifuani unahesabu vidole vya miguu, na samaki wadogo wa bluu na manjano wanakuzunguka bila hofu. Ni haohao ambao Ulaya watu huwanunua kwa bei mbaya kuwaweka kwenye visanduku vya kioo sebuleni. Nilielea chali dakika nyingi. Masikio ndani ya maji, sauti zote zimezimwa. Kama kuna mahali pa kupumzisha mtu wa jijini, ni hapo.

Ndipo mwenyeji wetu, aliyekaa mchangani akimenya embe, akapiga kelele: "Oya, pasipoti unayo?"

Alikuwa anatania, lakini utani wenyewe una karatasi. Julai 1, 1890, Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba mjini Berlin, ule tunaoufahamu kwa habari ya Zanzibar na kisiwa cha Heligoland. Ndani yake kuna mstari unaohusu miguu yangu. Mpaka, unasema mkataba, ukifika Nyasa unafuata ufuko wa mashariki, kaskazini na magharibi ya ziwa mpaka mlango wa mto Songwe. Ufuko. Kwa usomaji huo, mchanga wa Lundo ni Tanzania na maji ya Lundo ni ya Malawi. Mvuvi anayesukuma mtumbwi asubuhi anatoka nje ya nchi kabla hajalowa magoti. Mtoto anayechota maji ya kupikia anaagiza bidhaa kutoka ng'ambo.

Malawi imesimama na andiko hilo, na kwa haki ni andiko lenye nguvu, hasa baada ya viongozi wa Afrika kukubaliana Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka ya kikoloni ibaki ilivyokuwa. Tanzania inasema desturi ya dunia ni mpaka kupita katikati ya maji, kwamba mkataba wenyewe uliruhusu mistari kurekebishwa kulingana na mahitaji ya mahali, na kwamba taarifa na ramani kadhaa za Waingereza wakati wa udhamini ziliweka mstari katikati. Tukiwa wakweli lazima tutaje na hili ambalo kwetu halisemwi sana: mwaka 1962 Serikali yetu yenyewe ililiambia Bunge la Tanganyika kwamba, kwa mkataba ule, hata tone la ziwa si letu. Mwaka 1967 Serikali ikabadili msimamo. Kati ya miaka hiyo miwili kulikuwa na mambo. Nyasaland ilikuwa imekuwa Malawi, Banda amekosana na mawaziri wake, baadhi wamekimbilia Dar es Salaam, na yeye ameshikana mikono na Wareno na Makaburu wakati sisi tunawahifadhi wapigania uhuru. Mwaka 1968 Banda akaongeza chumvi, akadai hata Songea na Mbeya ni zake kihistoria. Kwa maneno mengine, chai yetu ya alfajiri tungekuwa tumeinywea Malawi.

Miongoni mwa waliokimbilia Dar alikuwemo Kanyama Chiume, na wapenzi wa vitabu nadhani mtamkumbuka. Alizaliwa Usisya, wilaya ya Nkhata Bay, yaani ng'ambo ya maji haya niliyokuwa naelea. Akiwa mtoto alichukuliwa na mjomba wake akakulia na kusoma Tanganyika, akaja kuwa waziri wa mambo ya nje wa Malawi, akatofautiana na Banda mwaka 1964, akarudi huku kama mkimbizi, akafanya kazi ya uandishi wa habari na kuandika vitabu kwa Kiswahili. Nakala ya Dunia Ngumu niliwahi kuiona kwenye meza ya vitabu vya mtumba Dar, nikaiacha kwa sababu ya shilingi elfu mbili. Bado najilaumu. Tunapohesabu fasihi yetu tunampanga wapi mtu kama huyu? Mimi nampanga kwetu, na watu wa Nkhata Bay nao wampange kwao. Yeye hakuugawanya moyo wake kwa mkataba wa Berlin.

Mzozo uliibuka tena 2011 na 2012, Malawi ilipotoa vibali vya kutafuta mafuta ziwani. Rais mstaafu Chissano wa Msumbiji na wenzake wakaombwa kusuluhisha. Jibu la mwisho halijapatikana.

Chini ya mwembe palikuwa na mzee anashona wavu. Nikaenda nikiwa bado nachuruzika maji, nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuacha sindano. Nikamuuliza mwaka ule wa mzozo wao huku walikuwaje.

"Redio ilisema sana," alisema. "Ziwa, ziwa, ziwa. Kila jioni. Watoto wakawa wanaogopa."

"Na ninyi mlifanyaje, mzee?"

"Tulikwenda kuvua, mwanangu. Ungekula nini?" Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Dada yangu ameolewa Likoma. Akifiwa, mimi nakwenda. Nikifiwa, yeye anakuja. Akichelewa ni kwa sababu ya mwera, upepo ukivuma hakuna mtumbwi."

Nikamuuliza kama wajukuu zake wanakwenda Likoma pia. Akafikiri. Alisema siku hizi wanataka vitambulisho, na vijana wenyewe wanapenda zaidi kwenda Songea, kwa sababu ya barabara. "Asubuhi wanaondoka, jioni wamerudi. Likoma hawakujui tena." Hakusema kwa huzuni wala kwa furaha. Alikuwa anatafuta tundu jingine kwenye wavu.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Lami iliyotuleta sisi kuogelea inawavuta wao juu, kuelekea Mbinga na Songea, na kila mwaka ziwa linazidi kuwa mwisho wa nchi, mahali pa kufikia na kugeuza gari. Bandari mpya inajengwa Mbamba Bay, labda mambo yatageuka tena, meli zivuke kwenda Nkhata Bay na mizigo, na dada wa mtu aje msibani kwa wakati. Naombea iwe hivyo. Waandishi wa mkataba walishindwa kuligawa ziwa hili kwa zaidi ya miaka mia moja na thelathini, ingesikitisha kama barabara nzuri ndiyo itafanikiwa.

Saa kumi jioni dereva alianza kupiga honi. Tulinunua mbasa wawili, tukawafunga kwenye majani ya mgomba, nikakunja kaptula yangu iliyolowa nikaitia kwenye mfuko. Jua huku huzama majini, upande wa Malawi, jambo ambalo mtu wa Dar halizoei kabisa, sisi baharini jua hutokea. Nilitamani kulisubiri. Dereva akasema kona za kupanda Mbinga hazipendi giza, na yeye hapendi kona.

Tulipofika juu, kwenye ile kona ya asubuhi, mwenyeji wetu akamwomba apunguze mwendo. Ziwa lilikuwa jekundu lote. Chini kabisa, vidoadoa vya mitumbwi vilikuwa vinatoka ufukweni, kimoja kimoja, na taa za dagaa zikianza kuwashwa. Tulijaribu kukadiria zimefika umbali gani kutoka nchi kavu, lakini kutoka kule juu huwezi kujua.